Mikono Miwili kwenye Nembo ya Baba

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Shangazi ameniletea salamu zako kutoka Songea. Anasema umechoka kuishi mbali, unataka kurudi nyumbani Mbinga. Kabla hujafunga mizigo, kumbuka nami kidogo.

Unakumbuka baba alipochonga nembo ya chama chetu cha ushirika? Wewe ulisugua ubao kwa msasa, mimi nikachanganya rangi. Juu aliweka mashimo ya ngolo, yale yanayoshika maji ya mvua kwenye miteremko yetu. Katikati tawi la kahawa lenye matunda mekundu. Chini mawimbi, kwa ajili ya ndugu zetu wa Ziwa Nyasa. Na mikono miwili iliyoshikana.

Ukauliza, "Baba, huu mmoja ni wa mnunuzi?"

Akacheka. "Yote miwili ni ya wakulima, mwanangu. Mnunuzi atabaki nje ya ubao."

Likaja soko huria. Ushirika ukafunga milango, wewe ukawa wakala wa mfanyabiashara mgeni. Kwa hilo nisingekununia. Kila mtu alitafuta pa kushika. Lakini uliing'oa nembo kwenye ghala lililofungwa, ukaitundika langoni kwa tajiri yako. Watu wa vijiji vya Mapera na Ruanda walipoiona wakadhani chama kimefufuka. Wakaleta kahawa yao kwa imani, hata wajane. Malori yakapakia, yakashuka mlima kabla hata mmoja hajalipwa, nawe umo ndani ya lile la mwisho.

Walimjia baba. "Fundi, si kazi ya mikono yako ile?" Aibu ikamfanya aache hata kwenda kanisani, na kabla ya msimu mwingine tukamzika.

Ulikuja msibani umevaa suti. Nilikusimamisha mbele ya waombolezaji, nikasema, "Waeleze hawa maana ya ile mikono miwili." Ukatazama viatu vyako. Hakuna mwanamume aliyekupa koleo umtupie baba yako udongo. Uliondoka matanga hayajaanuliwa, nami nikakuangalia unavyoteremka bondeni peke yako, nikasikia raha. Padri ananitaka niitubu raha hiyo. Sijaitubu.

Nembo niliifuata pale langoni, nikaipasua kwa shoka, mchana, watu wakiona. Na shamba la baba, ambalo nasikia unalipigia hesabu, wanalilima wale wajane. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya ukoo kuliombea hilo. Mama alilia, lakini hakupinga.

Basi njoo, barabara ni ya wote. Utanikuta uani naanika kahawa. Utainama kama nilivyokufundisha ukiwa mdogo, utasema, "Shikamoo, dada."

Nitaendelea kuanika. Marahaba yangu hutaipata.

Dada yako,
niliyekubeba mgongoni