Ndoo ya Nyuma ya Banda la Kuku
Kwa Loris Bonfatti, mtunza makaburi wa kijiji cha Ca' Bruna, kando ya mto Po, Italia

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuache, Loris mume wangu, na chombo cha maua kwenye kaburi lako hakina hata tone la maji. Nakuambia hilo kwanza, maana najua ndilo ungeuliza kabla hata ya kuuliza habari za wajukuu.

Miaka ishirini na sita ulitunza makaburi ya kijiji chetu. Jeneza likifika getini ulivua kofia ukasema, "Karibu nyumbani, jirani," hata kama wewe na marehemu mligombana baa wiki moja kabla kwa ajili ya karata. Ulikata nyasi huku ukipiga mluzi, na mluzi wenyewe, Mungu anisamehe, ulikuwa mbaya. Saa sita kamili ulikuwa mezani. Ulikula tambi zangu za boga sahani mbili, kisha ukaniambia za mama yako zilikuwa tamu zaidi. Leo ningetoa chochote nisikie tena uchokozi huo.

Halafu ukaanza vita vyako na mbu. Ilikuwa kiangazi kile wazee wawili wa ng'ambo ya mto walipopata homa ya Nile Magharibi, na mmoja akabaki na mguu usiomtii. Baa nzima ilikucheka.

"Homa ya Nile? Sisi mto wetu ni Po!"

"Magonjwa ya mbu ni ya nchi za joto, Loris. Kunywa divai yako."

Ukawajibu, "Na sisi Julai tunakaa wapi, jokofuni?"

Uliwaeleza kwamba ndege ndio wanaobeba virusi, mbu huwanyonya ndege kisha huja kwetu, na kwamba baridi ya siku hizi haiwaui mbu kama ile ya utoto wetu. Maneno yakaingia sikio hili yakatokea lile. Basi ukaacha kueleza, ukaanza kumwaga.

Ulimwaga visahani vya maua, bakuli za mbwa, maji yaliyotuama kwenye mikunjo ya maturubai. Ulimwaga ya kwetu na ya watu ambao hawakukuita. Kisha ukaleta mchanga kwa mkokoteni, ukajaza vyombo vyote vya maua makaburini. Mchanga ukiloweshwa kidogo, ulisema, ua linasimama na mbu hapati pa kutaga.

Wajane walikuja juu. Iole, jirani tunayepakana naye ukuta, alisimama mbele ya kaburi la mumewe, mikono kiunoni.

"Loris, marehemu wangu alikuwa mwashi miaka arobaini. Mchanga ameuchoka! Mpe maji!"

"Marehemu wako hana neno, Iole. Mwenye maneno ni wewe."

"Hayo maji leo nakumwagia wewe!"

Na kweli akakumwagia. Ulirudi nyumbani umelowa chapachapa, unacheka mpaka machozi.

Hadharani mimi nilikuwa upande wako. Nyumbani yalikuwa mambo mengine, na leo nayasema ili wanaosoma wayasikie.

Nilikuwa na ndoo. Niliificha nyuma ya banda la kuku ikinge maji ya mvua, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yakiyapausha maua yangu ya buluu. Nilijua ukiiona utaimwaga. Nikajiambia, ndoo moja tu, watatoka mbu wangapi humo? Miaka mitatu niliificha, na nilijiona mjanja kweli.

Mwishoni mwa Agosti mwaka jana ukashikwa na homa. Tulidhani ni jua. Siku ya tatu uliniita Vilma, jina la dada yako, nikajua si jua. Hospitali walisema ni virusi vilevile ulivyotuonya. Dawa ya kuviua hakuna, kuna kumtunza mgonjwa tu, na walikutunza kama ndugu yao. Wauguzi wale tunawashukuru mpaka leo. Binti yetu Mirca alikaa kando ya kitanda chako siku kumi na mbili. Tarehe tisa Septemba ukatutoka, mkono wako ukiwa kwenye mkono wake.

Siku ya mazishi tulifika getini tukasimama, kwa kuwa hapakuwa na wa kuvua kofia. Iole ndiye aliyesogea. Akavua mtandio wake, akaweka kiganja juu ya jeneza, akasema, "Karibu nyumbani, jirani."

Watu walisema, "Mganga hajigangi." Hawakuwa na nia mbaya. Lakini kila aliyesema alinichoma, kwa sababu nilidhani najua mbu yule alitoka kwenye ndoo ya nani. Miezi mitano sikumwambia mtu. Ndoo sikuisogelea, maji yakaganda humo na mimi nikiyatazama kupitia dirisha la jikoni.

Februari Iole alileta mkate, nikashindwa kujizuia.

"Iole, mimi ndiye niliyemuua Loris."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkate mezani.

"Ndoo ipi? Ile ya kijani?"

"Hiyohiyo."

"Ebo! Nives, una wazimu? Loris alikuwa akiimwaga kila Ijumaa ukienda sokoni!"

Nilidhani ananifariji. Akakasirika.

"Mimi nafariji mtu lini? Nilikuwa namwona kwa macho yangu, ukuta wetu si unanifika kifuani tu! Anaimwaga, anaisugua kwa brashi, kisha anaijaza maji ya mvua ya kwenye dumu, aliyoyateka kutoka lile pipa lenye kifuniko la makaburini. Anapima kwa kidole yafike palepale ulipoyaacha. Nikamuuliza, kwa nini usimwambie tu mkeo aache? Akasema, 'Aache ya nini? Maua yake yanapendeza, na anafurahi sana kunidanganya.'"

Miaka mitatu, Loris! Kila Ijumaa! Nililia, nikacheka, nikakutukana kwa jina lako kamili mpaka Iole akaniambia nipunguze sauti.

Mbu aliyekuuma alitoka wapi, hatutajua. Bonde ni kubwa na mitaro ni mingi. Lakini hakutoka kwenye ndoo yangu: kwa wiki moja yai haliwahi kuwa mbu. Umeniachia usingizi wangu, mzee wangu, na wala hukujua kwamba unaniachia. Asante. Asante kwa mchanga, kwa mluzi, na kwa kukaa na mwanamke mjanja miaka arobaini na minne bila kumwambia kwamba umemgundua.

Mwaka huu baa imeweka wavu madirishani. Visahani vinamwagwa kila wiki, na asiyemwaga atajibu mbele ya Iole, ambaye ni mkali kukushinda. Kiangazi kimekwisha, na Ca' Bruna hatukuzika mtu kwa homa ile.

Misa ya kukukumbuka ni Jumapili hii saa nne asubuhi, kisha tambi za boga nyumbani kwetu. Atakayeleta maua asije na chupa ya maji. Mchanga uko getini, kwenye mkokoteni wako.

Tunaokukumbuka kwa shukrani: mkeo Nives, binti yako Mirca na mumewe Davide, wajukuu zako Tobia na Agnese, dada yako Vilma, na Iole, ambaye si ndugu lakini amesema tukiacha jina lake tutamtambua.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Loris. Nami siku hizi Ijumaa nachelewa sokoni, maana sitoki kabla sijaimwaga ile ndoo.