Papa, Boma Ulilolitunza Ndilo Lililokufunga

Papa wangu,

Nimekasirika, na leo sitakuficha. Mwaka mzima nimenyamaza kama mutoto mwenye adabu, imenishinda.

Wewe ndiye ulinifundisha boma lile la mawe, hapo muto Lukuga unapotoka ziwani. Ulinionyesha matundu ambamo askari wa Wabelgiji walitolea bunduki, na sakafu ambako baadaye walipanga marobota ya pamba. Mimi nilijulia kusoma humo humo, lilipokuwa darasa. Wewe mulinzi ulipita dirishani, nami nikakutazama. "Tazama ubao, mama, si mimi," ulisema, ukicheka.

Halafu Zaire ikaleta salongo, kazi ya bure ya kila Jumamosi, na darasa likawa kasho, chumba cha kufungia wanaoikosa. Jumamosi ile wenzako walikata majani barabarani. Wewe ulikuwa juu ya ngazi, unaziba ufa wa boma kabla ya mvua. Kwako kazi ile njo ilikuwa salongo! Sefu wa kata akaja na karatasi yake: "Sitwayeni, raia mwenzangu, barabarani hatukukuona." Ukadhani anatania. Wakakufungia ndani, udongo wa kuzibia ungali mikononi.

Siku nne, Papa. Mvua ilinyesha, maji yakaingia kwenye ufa uleule. Nilikuletea ugali na ndagala dirishani, nikakusikia unakohoa. Niliposema nitaenda kumupigia sefu kelele, ulinikaripia: "Acha, mutoto. Muntu wa kazi anangojea biro, ofisi ya wakubwa, iseme." Ulitoka umebebwa. Wiki haikuisha tukakuzika, na sefu akaja matangani kula wali wetu. Hana haya hata kidogo!

Sasa wamelipaka boma chokaa. Kesho wageni wa Chama kinachotawala wanafika kutoka Kinshasa, na sisi wanawake tumeamriwa tukawachezee ngoma uani. Anayekataa, kasho. Nicheze pale, mimi?

Lakini wewe pia nakukasirikia, Papa, na hilo sijamwambia muntu. Mama alipokunja koti lako la kazi, lile ulilofungwa nalo, ndani ya mufuko alikuta ufunguo wa pili wa kasho. Kitasa kile uliweka wewe mwenyewe, kinafunguka hata kutoka ndani. Siku nne zote ungeweza kurudi nyumbani. Ukakaa ukingojea ruhusa.

Pumzika, Papa. Nakupenda, na hasira haijaisha. Kesho sichezi. Wakinifunga, ufunguo uko kwangu, nami nitatoka.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza