Tandiko Jipya, na Neno Nililomficha Shaweji

Johannesburg. Jumamosi, mwisho wa Agosti. Upepo mkali, moyo mzito.

Leo upepo umeanza kabla ya alfajiri, ule wa Agosti unaozoa vumbi la machimbo ya zamani na kulimwaga kwenye madirisha yetu hapa Jeppestown. Nimerudi kutoka msikitini nikitafuna mchanga. Baridi bado ipo, lakini mpichi wa jirani umechanua, na mpichi ukichanua huku basi nyuki wako njiani kuhama. Msimu umeingia na mimi bado niko chini.

Kwa anayepita kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni mara ya kwanza: kazi yangu ni kuwinda nyuki. Wenyeji wanasema kuondoa nyuki, ila mimi ni mtu wa Handeni, na kwetu nyuki huwindwa. Unamvizia anapokunywa maji, unatazama anaelekea upande gani, unamfuata mpaka mtini kwake. Marehemu baba alinifundisha hivyo. Huku mtu anakupigia simu, mti uko nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme, na nyuki hatuwaui. Tunawatoa pamoja na malkia wao, tunawatia sandukuni, tunawapeleka shambani nje ya mji. Asali naipeleka Fordsburg kwa wauza viungo.

Mti mrefu haupandwi kwa ngazi. Unavaa mkanda mpana wa turubai uliozunguka makalio na mapaja, unaufunga kwa kamba kwenye shina, unakaa hewani kama umekaa kitini, mikono yote miwili huru. Mimi na mwenzangu Shaweji tuliuita tandiko. Yeye ndiye aliyeanza. Siku ya kwanza nilipouvaa alicheka mpaka akakaa chini. "Punda kapata tandiko lake!" Jina likashika.

Tandiko letu lilishonwa na Papa Ilunga, fundi Mkongo wa hapa Jeppe anayeshona maturubai ya malori. Mikanda yake aliitoa kwenye viti vya magari mabovu. Lilikuwa moja, sisi wawili. Leo wewe, kesho mimi. Tulikwenda hivyo miaka tisa.

Sasa napanda peke yangu, au niseme ningepanda peke yangu. Tangu Januari nimekuwa nikifanya kazi za chini tu: nyuki wa kwenye masanduku ya mita za maji, nyuki wa ukutani, nyuki wa kwenye matairi. Wiki iliyopita ameniita mama mmoja ana kundi kubwa kwenye mkaratusi, juu kabisa. Nimemwambia anisubiri mpaka nipate tandiko jipya.

Basi asubuhi nimekwenda kulitazama. Mke wangu ndiye aliyenifukuza nyumbani, maana wiki tatu nzima ananikuta na picha ya tandiko hilo kwenye simu.

"Baba Salma, hilo utalinunua au utalioa?" akaniambia wakati wa chai. "Mimi mwenyewe hukunichunguza hivyo."

Duka ni la wawindaji, wale wanaokwenda porini na pinde, wanakaa juu ya mti wamening'inia kwenye tandiko, wanamngoja swala apite chini. Tandiko lenyewe lina rangi ya majani makavu. Jepesi, unalikunja linaingia kwenye mfuko wa rambo. Kila mahali pa kubeba uzito pameshonwa mara tatu. Muuzaji ni mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alinivalisha, akaifunga kamba kwenye chuma cha darini.

"Kaa, baba. Usiogope, hicho chuma kimebeba wanene kuliko wewe."

Nikakaa. Miguu ikaacha sakafu. Wallahi nilisikia raha. Kiuno hakikuuma, mapaja hayakukatwa damu, nilikaa kama mtu aliyebebwa. Raha ile ndiyo iliyonichoma. Nikawaza: kumbe vitu hivi vipo. Kumbe mwaka jana vilikuwepo.

Kisha yule mama akauliza swali la kikazi tu, apate kunishauri. "La zamani lina shida gani?"

"Limechakaa."

"Limechakaa wapi?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza, tangu Januari. Nikamwomba anishushe. Alinitazama usoni akasema, "Eish, baba, kunywa maji kwanza," akaniletea gilasi. Nikayanywa, nikashukuru, nikatoka. Fedha ilikuwa mfukoni, imekamilika. Sikununua.

Shajara yangu, haya nitayaandika mara moja tu.

La zamani lilichakaa upande wa kushoto. Sisi wa nyuki tunapanda na bomba la moshi, lile la bati lenye makaa ndani, la kuwatuliza nyuki wasichome. Mimi bomba langu nililining'iniza kwenye tandiko, kushoto, kwa sababu mkono wangu wa kulia unashika kisu. Miaka tisa bati la moto limekuwa likilala juu ya mshono uleule. Nyuzi za nailoni haziungui kwa moto wa namna ile. Zinaiva polepole. Jumanne moja nilipokuwa nalifuta asali nikaona zimekuwa na rangi ya sukari iliyoungua, ngumu, ukiparuza kwa ukucha zinakatika vipande.

Niliona. Nikachukua utepe mweusi wa gundi, wa mafundi umeme, nikauviringisha pale. Nikajiambia Jumamosi nampelekea Papa Ilunga.

Alhamisi tukaitwa kwenye mti. Ilikuwa zamu yangu ya kupanda. Lakini nilikuwa nimefunga sunna ya Alhamisi, na jua la Januari tunalijua. Shaweji akanitazama, akacheka.

"Midomo imekauka kama ngozi ya ngoma. Vua tandiko hilo, nipande mimi. Thawabu tutagawana."

Nikavua. Nikampa mkononi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama getini anatazama saa. Neno lilikuwa fupi tu, "angalia kushoto," na sikulisema. Niliwaza nikisema tutarudi nyumbani bila kazi. Niliwaza ni mti mmoja tu, utapita. Na niliwaza jambo jingine, ambalo hata sasa naona haya kuliandika: kwamba mimi nimefunga, na siku niliyofunga Mola hawezi kutuletea ubaya.

Saumu yangu ndiyo iliyompandisha mwenzangu.

Nilisikia mlio kama pea ya kanga inapopasuliwa dukani. Aliangukia ukingo wa ukuta wa bustani, mgongo ukatangulia. Watu walipokuwa wanaita gari la wagonjwa, mimi nilikuwa nimepiga magoti nalifungua tandiko kiunoni mwake. Walidhani natafuta kumpunguzia maumivu. Nililikunja, nikalitia kwenye gunia, nikalifunika na masanduku. Mpaka leo liko chini ya kitanda.

Shaweji yu hai, alhamdulillah. Yuko kwao Handeni. Miguu haisikii kitu. Mkewe, Mama Rehema, humgeuza asubuhi na jioni asipate vidonda. Na kila Ijumaa mwenzangu hunitumia ujumbe wa sauti, ananiuliza habari za mji, ananitania, halafu anarudi palepale: "Fundo langu lile la kamba, kaka. Nilifunga haraka haraka. Wewe si unanijua."

Hakumbuki chochote cha baada ya kupanda. Amejitafutia sababu mwenyewe na ameipata. Hata msikitini huku wamezoea kusema, Shaweji na haraka zake, wanatikisa kichwa kwa huruma.

Na mimi nilitikisa nao.

Ijumaa ya wiki iliyopita kaniambia wakija vijana kumjulia hali huwaonya, "Tazameni kilichoniponza, haraka." Mtu amelala kitandani anafundisha watu kwa kosa ambalo si lake.

Nimeswali istikhara mara tatu, namwomba Mola aniongoze kama ninunue tandiko jipya au niache kabisa kupanda. Sikupata jibu, moyo ulibaki vilevile kama jiwe. Leo nikitembea kutoka dukani, nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, pamoja na watu wengine, taa ikawaka kijani, wakavuka wote nikabaki. Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nauliza lisilo langu. La kuulizwa lilikuwa jingine, nimwambie Shaweji au nisimwambie, na jibu lake nilikuwa nalo tangu Januari.

Mimi na Shaweji tulikaa jando moja. Wasiojua niwaambie: kule kumbini kila mtoto alipewa mwenzake wa kumtazama kidonda. Kila asubuhi mnakaguana. Ukiona cha mwenzio kinaharibika unamwambia mlezi, hata mwenzio akilia, hata akikuomba usiseme. Anayenyamaza huchapwa yeye, si mwenye kidonda. Mimi nilikuwa mtazamaji wake. Tulikuwa na miaka minane.

Baada ya swala ya alasiri nikampigia.

"Ehee, mwindaji mkuu!" akapokea kwa furaha. "Nyuki wameanza vurugu?"

Nikamwambia nimetoka kutazama tandiko jipya dukani. Kisha nikasema yote bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika nitaacha. Bomba, nyuzi, gundi nyeusi, saumu, gunia. Hakunikatiza. Nilikuwa nasikia kuku wa kwao na mtu anatwanga kitu kwa mbali.

"Ulijua kabla sijapanda?"

"Nilijua."

"Ukaninyamazia."

"Nikakunyamazia, Shaweji."

Simu ikakwaruza, ikawa mkononi mwa Mama Rehema. "Shemeji, umemwambia nini mwenzio? Kajifunika shuka mpaka usoni. Hata maji kakataa." Nikasema tu nisameheni, nisameheni, mpaka simu ikakatika.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Waliotubu husema hivyo. Mimi nilishindwa hata kufunga kifungo cha shati.

Nikamweleza mke wangu, kwa kuwa naye nilimficha. Aliacha kukunja nguo. Halafu akasema, "Ningekuwa mke wake ningekulaani. Kwa kuwa mimi ni wako, inuka ukaswali." Na macho yake hayakuniangalia.

Nimekwenda kuswali magharibi, nimerudi. Kwenye simu nimekuta ujumbe wa sauti wa Shaweji, mfupi kuliko yote aliyowahi kunitumia. Sauti yake kavu, haina hata chembe ya kicheko.

"Sijakusamehe. Usinipigie mpaka nipige mimi." Nikadhani amemaliza. "Na hilo la dukani nunua. Kilema mmoja anatosha."

Nimeusikiliza mara nne. Jumatatu nitalinunua, nimpigie yule mama wa mkaratusi. Sijasamehewa, na nitapanda hivyohivyo.