Mbeho Hakupiga Magoti

Mbukwa, mama yangu mpendwa.

Nakuamkia kwa Kigogo chako, kisha niendelee kwa Kiswahili hiki cha misheni ulichozoea kunitania nacho.

Unakumbuka siku ile ya upepo, umekaa nje ya tembe unachambua mlenda, nikakuomba ruhusa niandike habari zako za mwaka wa njaa? Jinsi ulivyoswaga mbuzi peke yako hadi milima ya Kondoa, ukarudi na mtama. Na jinsi shemeji yako alivyotaka kunichukua mimi, mtoto mchanga, kwa vibaba vichache vya nafaka, ukamfukuza mlangoni. Ulicheka. Ukasema, "Andika, lakini nipe jina lingine. Sitaki watu waje kunikagua miguu." Nikakuita Mbeho. Nikampa Mbeho dada, Mazoya, ili awe na mtu wa kusema naye njiani.

Gazeti la misheni likaanza kuichapa hadithi hiyo, kipande kila mwezi. Msimamizi wake, Mwalimu Yonathani, ni mtu mwema, ila anaogopa gari moshi kuliko simba. Maandishi yasipofika stesheni ya Dodoma kabla halijaondoka kwenda pwani, wachapaji wa huko huchapa kazi za wengine, zetu zikalala. Basi alikuwa akizikata karatasi zangu amesimama, mkasi mkononi. Karatasi ni adimu, mama, mimi huandika pande zote mbili. Akikata asichokitaka mbele, anakata na cha nyuma asichokisoma.

Ndiyo maana Mazoya alikufa kwa homa katika kipande cha pili, na katika cha tatu akaonekana anasonga ugali, maana maneno 'Mbeho aliota' yalikwenda na mkasi. Watu walicheka, nami nikavumilia. Kipande cha nne ndicho kilichoniuma. Humo Mbeho alikuwa anabishana na shemeji yake, karatasi nzima, neno kwa neno. Yote yalikatwa. Mahali pake Mwalimu aliandika: "Mbeho akapiga magoti, akalia, akakubali."

Ulikuwa umeshaanza kuugua, umelala kwenye ngozi, ukaniomba nikusomee. Ulinisimamisha hapo hapo.

"Nani amekubali?"

"Mbeho, mama."

"Kwa nini?"

Ukageukia ukuta. "Mtu hageuki bila sababu. Amepita nyika yote ile na mbuzi, leo anampigia magoti nani? Huyo mmemvunja nyinyi."

Tulikuzika kabla ya mvua za kwanza.

Sasa sikia nilichofanya. Matanga yalipokwisha nilikwenda kwa Mwalimu. Alinipa pole kwa moyo, kisha akanyoosha mkono. "Mwisho umeuleta, binti yangu? Gari linaondoka kesho. Uwe mfupi."

"Nimeleta kipande cha nne, kama nilivyokiandika. Kichapwe hicho kwanza."

"Kimeshatoka. Watu wameshasahau."

"Mama yangu hakusahau."

Akapangusa uso. "Huyu ni mwanamke wa hadithi tu. Gari moshi halimngojei."

"Basi na liende bila yeye."

Nikachukua karatasi zangu, nikatoka. Gazeti lililofuata likatangaza kwamba hadithi ya Mbeho imekwisha. Imekwisha! Yuko magotini, mtoto amekwenda, na imekwisha. Mzungu mkuu wa misheni akaleta neno kwamba nisiandike tena kwao. Mume wangu akasema niache, nisije nikamponza na kazi yake ya ualimu. Nilimsikiliza, mama. Sikuacha.

Nikaanza kuisoma kwenye visima vya mtoni, pale wanawake wanapofukua mchanga na kungoja maji yajae. Nilisoma bila kuruka neno. Mazoya alipokufa, alikufa kweli, wapo waliolia. Nilipofika kwenye ugomvi, mke wa mfanyabiashara mmoja, Mrangi wa Kondoa, aliweka mtungi chini. "Rudia pale anapomwambia shemeji atoke mlangoni." Nikarudia. Wakataka tena.

Juzi Mwalimu Yonathani alipita na punda wake, akasimama kusikiliza. Alisimama muda mrefu.

"Maneno haya mbona sikuyasoma?"

"Uliyakata," nikamjibu.

Akaniomba ayapeleke pwani, atazungumza na Mzungu. "Ila tupunguze kidogo, binti yangu. Nafasi ni ndogo."

Kabla sijafungua kinywa, yule mwanamke wa Kondoa alinitangulia. "Usiguse hata neno. Nafasi ikiwa ndogo, ngoja mwezi mwingine."

Mwalimu alinitazama. Sikumsaidia. Akamfunga punda wake, akaketi mchangani kati ya wanawake. Maji yalikuwa yamejaa zamani. Hakuna aliyechota mpaka shemeji alipokwenda zake, Mbeho akabaki na mtoto wake na mtama wake.

Pumzika, mama. Huku mimi bado nabishana.

Binti yako