Bendera ya Meli ya Sista

Mwazye, Sumbawanga
20 Julai 1975

Mpendwa kaka Flavian,

Shikamoo kaka. Afya yako vipi, na kazi za hapo bandarini Tanga? Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu inatuchoma masikio. Albina ameota meno mawili, na akinyonya ananing'ata kweli kweli.

Kaka, nimechanganyikiwa. Sista Cornelia, yule ninayemfulia, alianza kuchora bahari kwa rangi za mafuta, na meli ya matanga katikati. Akaugua, akapelekwa Mbeya. Picha akaniachia niimalize, maana mimi ndiye namsafishia brashi na aliniona nikijaribu jaribu. Atarudi mwisho wa Agosti. Ikimpendeza, atanipa kazi ya kuchora picha za darasa la kisomo. Hebu fikiri, mimi niliyeishia darasa la nne!

Maji nimeyachora, sijui kama ndiyo yalivyo. Matanga nimeyajaza upepo yakavimba kwa mbele. Bendera nikaipeperusha nyuma, kama ile ya Landrova ya mkuu wa wilaya.

Sasa juzi napepeta ulezi, upepo unatoka mgongoni. Makapi yakaenda mbele, ncha za khanga nazo mbele. Nikaduwaa na ungo mkononi. Kama meli inasukumwa na upepo, bendera inarudije nyuma?

Nikamwuliza shemeji yako Eustaki. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Albina, umeona wapi bendera ikamtangulia mwenye gari?" Yeye amefika mpaka Mbeya. Mimi hata Ziwa Rukwa nimeliona kwa mbali tu.

Rangi hizi hazikauki upesi. Wiki nzima bado mbichi, na Albina ameshatia kidole kwenye wimbi. Basi jana nimeifuta bendera kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mlingoti uko mtupu, na rangi nyekundu iliyobaki inatosha bendera moja tu.

Tafadhali kaka, tazama chombo cha matanga kinachosukumwa na upepo wa nyuma, uniandikie bendera yake inaelekea wapi. Usimwulize mtu, tazama mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, na mjomba Polikarp. Nibusie wifi Atusaye. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko.

Barua yako isipowahi, Eustaki na acheke, mimi nitafuata makapi ya ulezi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Josefina, mama Albina