Shuka la Waliobaki

Umoja, Nairobi
Jumatano, Agosti

…na ndiyo, Mama, lile shuka uliloniuliza siku ile simu ilipokatika ndilo hilohilo nililolifua. Sikukata kwa makusudi. Salio liliisha, kisha nikaona ni afadhali, kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa simu bila kulia, na kuta za hapa ni nyembamba. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Lakini kwanza uniambie, mguu wako unaendeleaje? Uvimbe umeshuka? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado anatusumbua? Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio una kidonda, nawe ni mama yangu, wacha nikufunulie.

Niruhusu nimsifu mume wangu kidogo kabla sijaanza, maana nisipomsifu nitapasuka. Mama, Wycliffe ananipenda! Akitoka kazini kwenye nyaya zake za umeme, kabla hajanawa mikono, huja jikoni kuniuliza nimeshindaje. Ameniambia sauti yangu ikiita "karibu" mlangoni inamtoa uchovu wote. Siku nyingine huniimbia kwa gita la marehemu baba yake chumbani, taratibu, nami nasimama na mwiko mkononi mpaka ugali unashika chini. Miezi miwili sasa, na bado naamka nikijiuliza ni mimi kweli niliyeolewa na mtu huyu.

Ni kwa sababu ya furaha hiyo nilikosea. Nilitaka mama mkwe aone kwamba mwanawe hakupoteza. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba bibi arusi hujulikana kwa kamba yake ya nguo, si kwa maneno yake. Basi Jumanne moja, wiki mbili kabla ya tamasha la muziki la mtaa huu, mama mkwe alipokwenda Eastleigh kununua vitambaa vya kushonea, nikakusanya kila kitu cha kufua nyumbani. Juu ya kiti sebuleni palikuwa na shuka jeupe limekunjwa, limegeuka rangi ya chai. Nikaona michirizi ya wino wa bluu ukingoni. Nikasema, hawa watoto wa mpangaji wamechezea kalamu tena. Nikalitia kwenye karai pamoja na dawa ya kung'arisha, nikaliacha humo tangu asubuhi hadi saa saba. Lilipotoka lilikuwa linameremeta. Mama, nilijipongeza! Nililianika katikati ya kamba, mahali ambapo mtu akifungua lango hawezi kulikosa.

Mama mkwe hakulikosa. Alisimama langoni na mfuko wake wa vitambaa.

"Lilian, hilo shuka umelitoa wapi?"

"Pale kitini, Mama."

"Na majina?"

"Majina gani, Mama?"

"Yaliyoandikwa."

"Yalikuwa madoa, Mama. Yametoka yote."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia kelele. Aliweka mfuko chini, akalishika shuka kwa ncha za vidole, akalipitisha lote mbele ya macho yake, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta sindano. Halafu akaingia ndani akafunga mlango wa chumba chake.

Wycliffe ndiye aliyenieleza, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa kimeinama. Nawe nikueleze kama nilivyoelezwa, kwa maana bila hayo hutaelewa nililofanya.

Zamani, Wycliffe hajazaliwa, baba yake alikuwa karani wa reli. Krismasi moja watu wengi wa mtaa huu walikosa nauli ya kwenda kwao magharibi. Wanaume walikaa milangoni, watoto wakiuliza kwa nini wenzao wamesafiri. Basi mzee akachukua gita lake, akaenda kwenye kile kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu. Jua lilikuwa kali, akarudi akavua shuka kitandani, shuka la arusi yao, akalifunga kati ya nguzo mbili liwe kivuli. Mama mkwe alimfuata akigomba: "Shuka langu! Wewe mwanamume, utalala juu ya gita?" Lakini alipofika alikuta jirani amekuja na ngoma, mwingine na kinanda cha mdomo, na wanawake wanacheza. Hakulidai tena. Wakajiita Waliobaki. Jioni mzee akaandika kwenye shuka majina ya wote waliopiga na kuimba, kwa wino wa bluu wa ofisini kwake.

Mwaka uliofuata wakarudia, na hata waliokuwa na nauli wakabaki kwa hiari. Baadaye tamasha likahamishiwa Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Magita yakapata umeme, kisha wakaja vijana wa kufoka kwa Sheng, wazee wakalalamika kwamba huo si muziki, ni ugomvi. Mwaka wa tatu wa malalamiko wazee wenyewe walikuwa wanacheza. Lakini shuka lilibaki lilelile. Kila aliyeimba pale, awe maarufu au awe ameimba mara moja tu akaondoka, jina lake liliandikwa. Na kila mwaka, kabla ya wimbo wa kwanza, majina yote husomwa. Aliye hai na aliyepo hupiga noti moja ya chombo chake, au huitikia kwa sauti. Aliyekufa, watu wake hupiga makofi mara moja tu, paa, halafu jina linalofuata. Mzee alipofariki, mama mkwe alichukua kazi ya kusoma na ya kuandika. Jina la mzee lilikuwa la kwanza kabisa, kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mwandiko wake mwingine ndani ya nyumba hii.

Hilo ndilo nililolitia kwenye karai, Mama.

Siku tatu Wycliffe hakuniimbia. Hakuniudhi kwa neno, alikula nilichopika, alishukuru, lakini hakuniimbia. Siku ya nne mama mkwe alitoka na kichupa cha wino na kalamu ya nibu, akaviweka mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyefuta. Wewe ndiye utakayeandika."

"Mama, mimi siyajui majina."

"Wenyewe watakuja."

Na kweli walikuja, jioni baada ya jioni. Mzee Odhiambo, aliyekuwa akipiga gita zito la besi na ambaye alistaafu kutoka baraza la jiji, ndiye aliyekumbuka mengi. Nami niliandika, shuka limetandazwa mezani, kichupa nimekisogeza mbali nisije nikamwaga wino.

"Andika Shikuku," alisema. "Huyo alipiga gita kama mtu anayejikuna ukurutu, lakini andika."

"Ukurutu ulikuwa wako," mama mkwe akamjibu kutoka jikoni. "Yeye ndiye aliyekufundisha."

Hapo nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikajifanya napenga kamasi.

Vijana nao hawakuniacha. "Niaje, shemeji! Kumbe ni wewe ulifua historia?" Mwingine akaniletea suruali yake mlangoni: "Shem, pitisha na hii kwa hiyo dawa yako, labda dhambi zangu pia zitatoka." Nilicheka nao, Mama, ungefanya nini. Lakini kila mmoja alitaja majina ya wenzake, hata ya wale waliopigwa risasi, hata ya waliokwenda ughaibuni wakanyamaza. Tulipomaliza, mama mkwe alihesabu kwa kidole akasema anahisi pengo, pengine moja, pengine mawili, lakini hawezi kusema ni ya nani. Mzee Odhiambo akamwambia, "Shemeji, tumekamua kichwa chote. Kama kuna aliyebaki, atajitaja mwenyewe."

Tukaridhika na hilo. Ndilo kosa la pili, na hili sikulitenda peke yangu.

Jumamosi ikafika. Mama, laiti ungekiona kiwanja! Watu hadi juu ya paa, mahindi ya kuchoma, watoto mabegani. Shuka likafungwa kwenye nguzo zake, mwandiko wangu mbele ya ulimwengu mzima. Mama mkwe akasoma. Kwa jina la mzee, Wycliffe na mama yake walipiga makofi pamoja, paa, nami nikapiga kwa mara ya kwanza kama mtu wa nyumba hiyo. Jina baada ya jina, noti, kofi, noti. Nilianza kupumua. Nikajiambia, Mungu amenisamehe.

Nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, nilimwona mama mzee mwenye leso ya kijani. Alikuwa amesimama, mikono yake miwili ameiinua kifuani, viganja vimeachana kidogo. Nikadhani anasali. Nikampenda kwa hilo. Majina yakaendelea, naye hakuishusha mikono. Mama mkwe akafika mwisho, watu wakashangilia, magita yakaanza. Yule mama akapenya polepole mpaka pale nilipokuwa nimesimama na chupa za maji.

"Binti, mmemaliza kusoma?"

"Tumemaliza, Mama. Sasa ni nyimbo tu. Kaa hapa kivulini, nikupe maji."

"Yamesomwa yote?"

"Yote kabisa," nikamwambia. Nilisema kwa majivuno, Mama. Yote kabisa.

"Haya," akasema. Akanishukuru kwa maji ambayo hakuyanywa, akaondoka.

Jioni tulipokuwa tunakula, nikiwa nimejaa furaha, Wycliffe amenishika mkono mbele ya watu bila haya, nikawasimulia habari za mama aliyesali mpaka majina yakaisha. Mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Wa leso ya kijani?"

"Ndiye."

"Aliondoka bila kupiga makofi?"

Hapo nikaelewa. Mama mkwe akatueleza kwamba yule mama huja kila mwaka kwa miguu kutoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga, akapiga makofi mara moja katikati ya umati, kisha akarudi zake kabla ya wimbo wa kwanza. Mama mkwe humwona, husalimiana, lakini macho yakiwa kwenye shuka hakuwahi kujua ni kwa jina lipi yule mama hupiga. Ni mtu mpole, haongei; aliwahi kusema tu kwamba ni jina la mtoto wake aliyefariki. Alisimama na mikono yake tayari, akamngoja mtoto wake, na mtoto hakuja.

Jumapili baada ya kanisa mimi na Wycliffe tulikwenda Mukuru. Tuliuliza njia hii na ile, mpaka dada mmoja muuza mboga akatuonyesha mlango wa mabati wa yule bibi. Umefungwa kwa kufuli.

"Shosho ameenda kwao," akasema. "Jana alirudi mapema, akafunga vitu vyake. Leo alfajiri ameondoka. Amesema hapa hana tena cha kumngoja."

"Kwao ni wapi?"

"Shinyalu huko."

"Na mtoto wake aliyefariki, aliitwa nani?"

Alifikiri sana. "Sisi wote tulimkuta akiwa peke yake. Tunamwita Shosho tu. Najua mtoto alikuwa kibarua kiwandani, akaimba siku moja kwenye sherehe yenu, na mwaka huohuo akaumia kazini akafa. Kaburi lake lilikuwa na msalaba wa mbao, ukaliwa na mchwa. Alikuwa akituambia, huko Umoja bado wamemwandika."

Wycliffe aligeuka akatazama ukuta. Njia nzima ya kurudi hakuuachia mkono wangu. Mama, sijui kama nastahili mwanamume kama huyu.

Sasa nakuomba. Shinyalu si mbali na nyumbani. Waulize akina mama wa kanisani kama kuna mama mzee aliyerudi majuzi kutoka Nairobi, leso ya kijani, mwendo wa taratibu, sauti ya chini. Ukimpata usimweleze mengi. Usimwambie tumesahau, hilo nataka alisikie kinywani mwangu. Mwambie tu kuna msichana anamtafuta, asirudi mjini wala asiende kwingine. Ipo nafasi ya jina la mtoto wake kwenye shuka, chini ya jina la Shikuku.

Nisalimie Baba, umwambie kofia aliyompa mkwewe inavaliwa kila Jumapili. Msalimie kaka mkubwa na shemeji yangu mjamzito, dada mdogo aache kuvaa viatu vyangu, na shangazi aliyelia kuliko wote siku ya arusi. Bibi yetu, Kukhu, umshike mkono kwa niaba yangu.

Najua desturi, bibi arusi harudi kwao kabla hajaitwa, tena harudi mikono mitupu. Mama mkwe mwenyewe ndiye amenituma. Ameshatafuta kuku, amelikunja shuka kwa mikono yake na kukifunga kichupa cha wino kwa nailoni kisimwagike. Wycliffe ameomba ruhusa kazini. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Ni mimi mwanao,
Lilian