Daftari Lililonyakuliwa Msibani

Kitomanga, 22 Mei 2023

Mtani wangu Stefania,

Hujambo huko Kilwa Masoko, na hao vijana wako wanaotaka Kiingereza cha kuongea na wageni? Huku tunaendelea kwa uwezo wa Mungu, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu tumzike baba. Naandika kwa sababu simu yako inaita tu, na kwa sababu baba, Mwalimu Shaaban wenu, alitulea kwa barua. Hakuna likizo iliyoisha bila sisi wanafunzi wake kumwandikia, naye akatujibu kwa mifano yake.

Asante kwa kuja. Ulipovaa miwani ya baba, ukashika fimbo yake na daftari lake la vitenzi, ukapita katikati ya wafiwa ukifoka kama yeye, "Wewe Mama Saida, kinu cha watu umerudisha?" nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Miwani na fimbo nilikomboa palepale kwa kuku na sukari, kama inavyotakiwa kati yetu Wamwera na nyinyi Wamakonde. Daftari ukaondoka nalo, watu wakacheka tena.

Arobaini ni tarehe 18 Juni. Njoo nalo, jogoo nimeshamfunga. Unajua baba aliniachia jambo moja tu: maelezo yake yachapwe, jina lake liwe juu, na watu wa Kitomanga wabaki ndani ya mifano. Aliandika mle miaka thelathini.

Mtani wako,
Sada

Kilwa Masoko, 2 Juni 2023

Mtani Sada,

Salamu nyingi, na pole tena. Mimi mzima, mafua tu. Hivi Wamwera mna jogoo mmoja kijiji kizima? Daftari la Mwalimu kwa jogoo! Nataka mbuzi, tena aliyenona.

Usihofu, liko kabatini. Jana niliwasomea vijana ukurasa wa kinu. Wiki mbili walikuwa wanachanganya "lend" na "borrow", maana kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaazima. Mwalimu kaandika: "Simama mlangoni kwako. Kinu kikitoka, ni 'lend'. Kikiingia, ni 'borrow'. Mama Saida kila siku ni 'borrow', na mwenye kinu amechoka." Walicheka, na hawakukosea tena. Mzee yule alikuwa na akili jamani!

Arobaini nitakuja, Mungu akipenda. Andaa mbuzi.

Mtani wako mwenye njaa,
Stefania

Kitomanga, 9 Julai 2023

Mtani Stefania,

U mzima? Nauliza kweli, si kwa mazoea. Tulikungoja mpaka wali ukapoa. Wanafunzi wa baba walikuja, wengine kutoka Njinjo kule, nikawaambia daftari liko njiani. Mbuzi nilimpata, jike jeusi. Bado kafungwa nyuma ya jiko, ameshatafuna kanga yangu moja.

Kama unaumwa, niambie nije. Kama ni utani, umekuwa mrefu. Lakini mtani hakasirikiwi, basi sijakasirika.

Mtani wako,
Sada

Kitomanga, 14 Novemba 2023

Stefania,

Natumaini hujambo. Mimi mwili siumwi.

Laurenti, yule tuliyesoma naye kwa baba, amepita hapa akitokea Lindi mjini, akaniletea kitabu chenye jalada la njano. Vitenzi vya Kiingereza, kimeandikwa na Stefania Ignasi. Kwanza nilifurahi! Nilidhani umetuandalia jambo bila kutuambia. Nikatafuta jina la baba jalada la mbele, la nyuma, kwenye shukrani. Umemshukuru Mungu, mume wako na mchapaji. Kinu kipo ukurasa wa tisa. Mama Saida umemwita Anna.

Hayo ningeyameza. Lakini fungua ukurasa wa ishirini, penye "look" na "see". Mwaka aliokufa mama, baba aliandika: "I look at the door. I do not see her." Akaeleza chini yake kwamba kuangalia mtu huamua mwenyewe, kuona ni majaliwa, na kwamba yeye kila alasiri anauangalia mlango na mkewe hamwoni. Hayo hakuwaandikia wanafunzi. Ulijua. Nilikuonyesha mwenyewe, tukalia wote wawili jikoni kwangu. Wewe umeyafanya zoezi la tatu: jaza nafasi zilizo wazi, maksi mbili.

Umenisaliti, Stefania. Nimetafuta neno laini zaidi, sikulipata.

Sada binti Shaaban

Kilwa Masoko, 1 Desemba 2023

Mtani Sada,

Habari za huko? Mimi na mume wangu hatujambo. Barua nimeipata, na maneno yake ni makali kwa mtani.

Tukumbushane desturi. Kitu kisichokombolewa ni cha nani? Jogoo ulimtaja, mbuzi ukamtaja, hakufika hata mmoja. Mchapaji alitaka jina la mtu aliye hai, mwenye cheti. Na mimi nimepiga chapa kwa vidole vyangu, nimesahihisha, nimepanga. Mwalimu alinilea na mimi. Wewe ulikuwa unasinzia darasani. Niliyemsikiliza ni mimi. Hapo mtoto wake ni nani?

Sasa hivi watu wananiheshimu. Usiniharibie kwa jambo la kucheka.

Dada yako,
Stefania

Kilangala, 8 Februari 2024

Sada, mtani wangu,

Hujambo? Sijui kama utaifungua barua hii. Mama yangu Rosa alifariki tarehe 22 Januari, tukamzika hapa Kilangala.

Msiba ulikuwa kimya. Wamwera walikuja wachache wakakaa pembeni; habari za kitabu zimewafikia. Hakuna aliyenyakua hata sufuria. Mjomba akauliza mbele ya watu, kwani marehemu hakuwa na watani? Nilitamani ardhi inimeze.

Arobaini ni tarehe 2 Machi. Njoo unicheke, unitukane, unimwagie maji. Daftari nitaliweka kwenye meza ya mama, mlangoni. Linyakue ukimbie nalo, watu wacheke, yaishe kama yalivyoanza.

Mtani wako, nakuomba,
Stefania

Kitomanga, 19 Februari 2024

Stefania,

Pole sana. Mama Rosa alinichemshia ming'oko aliyoichimba porini kila nilipokuja kwenu, na hakuniacha niondoke mikono mitupu. Nimemlilia.

Tarehe 2 nitakuja, lakini sitanyakua kitu. Ulipolichukua daftari ulilichukua mbele ya watu, na hapo hukukosea, ni haki ya mtani. Yaliyofuata uliyafanya peke yako, umefunga mlango, huku mimi nimefunga mbuzi nikikungoja. Nikikimbia nalo watu wakicheka, kitabu kitabaki chako, nami nitakuwa nimekusaidia kuficha.

Nitakaa mkekani na wanawake wengine, nitatoa rambirambi, nitakula nitakachopewa. Ukitaka kunipa daftari, simama useme mbele ya mjomba wako maneno yale ni ya nani. Usiposema, baki nalo. Barua za baba ninazo zote, na kila moja ina jina lake chini.

Mbuzi amezaa mapacha. Usiwaulizie.

Nikifika nitakupa mkono wa pole, kama mgeni yeyote anavyompa mfiwa. Usinitanie.

Sada